Friji Iliyolazimika Kusalimia Ng'ambo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kioo kidogo cha kujitazamia uso, nikadhani nimekosea mlango. Nilikuwa nimeajiriwa kutunza friji za chanjo katika bohari la afya hapa Bunia, na fundi mkuu, Muzee Maki, alinikabidhi kioo hicho bila maelezo, akanipeleka mbele ya friji nyeupe iliyokuwa ikinuka mafuta ya taa.

"Weye, piga magoti," aliniambia. "Weka kioo chini kule. Moto iko na rangi gani?"

"Iko njano, Muzee."

"Basi iko nakula mafuta bure, na juu kule dawa inapata joto. Moto ya frigo inapaswa kuwa bluu. Kama haiko bluu, hakuna kazi."

Friji zetu za wakati ule zilitengeneza baridi kwa moto. Kila mtu aliyesikia hivyo kwa mara ya kwanza alicheka, hata mimi, na mke wangu aliniuliza kama jiko lake nalo siku moja litamtolea barafu. Ndani kulikuwa na mabomba yenye kimiminika. Utambi uliwaka chini, kimiminika kikapanda, kikazunguka, na huko juu kikaleta ubaridi. Friji hiyo haikutaka mengi. Utambi ukatwe sawasawa, moto uwe bluu, na yenyewe isimame bila kuinama. Muzee Maki alipima usawa wake kwa sahani ya maji. Friji ikigoma kabisa, tuliigeuza kichwa chini, miguu juu, tukaiacha hivyo siku nzima, kisha tukaisimamisha tena. Mara nyingi ilifufuka. Wageni waliotukuta na friji imegeuzwa hivyo walidhani tumelewa.

Ilitengenezwa Ulaya ya kaskazini, mahali ambapo, kwa jinsi ninavyosikia, mtu akitaka baridi anafungua dirisha. Ninataja hilo kwa sababu vijana wa siku hizi wanaongea juu ya utandawazi kana kwamba uliingia Bunia pamoja na simu zao. Neno lenyewe nililisikia kwenye semina, katika ukumbi wa parokia, tukipewa soda na kalamu. Lakini jambo lenyewe nilikuwa nimelipigia magoti tangu siku ya kwanza, na kioo mkononi.

Nitasema mema yake kwanza, ili mtu asidhani mimi ni mzee wa kulalamika tu. Chanjo yenyewe inatoka mbali. Katika Ituri nzima hakuna anayejua kuitengeneza, na sijui kama wajukuu wangu watajua. Mama yangu alizaa watoto huko Mahagi wakati surua ilipokuwa ikipita vijijini kama mkusanya kodi, na baadhi yao siwakumbuki sura. Watoto wangu mwenyewe hawakuugua surua hata mmoja. Chupa ndogo iliyowakinga ilifungwa na mikono ya watu nisiowajua, ikaruka bahari, ikafika Entebe au Kinshasa, ikashuka Bunia, ikawekwa katika friji niliyoikatia utambi. Sitaudharau mwendo huo. Uchungu wangu ni kwamba ule mwendo wote mrefu unafanyika vizuri, halafu mambo yanaharibika hapa mwishoni, karibu na mlango wa mtoto, kwa sababu ya kitu cha kijinga ambacho mtu fulani alikipanga akiwa hajawahi kufika.

Baada ya friji za mafuta ya taa, ulimwengu wote ulianza kutuletea friji. Kila mradi ulikuja na yake. Ilikuja yenye plagi ya miguu mitatu ya bapa, kwenye jengo ambalo ukuta wake una matundu mawili ya duara. Ilikuja nyingine ambayo kitabu chake kilikuwa katika lugha saba na hata moja kati ya hizo haikuwa Kifaransa. Ilikuja moja nzuri mno, yenye taa ndani, ikasimama mwaka mzima kwa kukosa mpira wa mlango. Mpira wenyewe ulipofika, ulikuwa wa friji aina nyingine. Muzee Maki, aliyekuwa amekaribia kustaafu, alizunguka akiwa na waya mmoja aliouunga mwenyewe wenye plagi za aina zote, kama rozari. Alisema wazungu, Wachina na Wahindi wangekaa meza moja asubuhi moja tu wakakubaliana juu ya tundu la umeme, yeye angewasamehe mengine yote.

Tulipita wakati wa vita kwa friji za mafuta ya taa, na sitaandika mengi hapo. Nitasema tu kwamba friji isiyohitaji waya wala mtandao unaweza kuipandisha juu ya toroli na kukimbia nayo. Tulifanya hivyo.

Kisha likaja jua. Kwanza paneli zenye betri, na betri zikapotea moja moja kuelekea kwenye machimbo, ambako mtu akipata dhahabu kidogo anataka muziki na simu yenye moto, yaani chaji. Halafu zikaja friji zisizohitaji betri: jua linapiga paneli, friji inagandisha barafu kubwa iliyofichwa ukutani mwake, na usiku barafu hiyo inashika baridi. Aliyebuni hiyo friji ni mtu mwenye akili, na ningependa kumpa mkono. Hakuna mafuta ya kuiba wala betri ya kuiba. Kwa kitambo nilifikiri kazi yangu imekwisha, nitakuwa mtu wa kupangusa vumbi juu ya paneli.

Ndipo likaja boksi.

Lilikuwa boksi la plastiki, ukubwa wa Biblia ya familia, lililokaa kati ya paneli na friji. Umeme wote ulipita ndani yake. Mbele lilikuwa na taa mbili, ya kijani na nyekundu, na ndani kadi kama ya simu. Mgeni aliyetufundisha alieleza kwamba boksi linapima joto la friji na kulituma ng'ambo kila siku, hivi kwamba mtu aliyekaa ofisini kule anaona friji yetu kwenye ramani, kitone cha kijani. Na ili watu wa machimbo wasiibe paneli, boksi lisipowasiliana na kule kwa muda wa mwezi mmoja, linafunga umeme lenyewe. Paneli bila ruhusa ya boksi ni meza tu.

Wazo la wizi halikuwa la kijinga. Nimeshasema betri zilikwenda wapi. Niliuliza swali moja.

"Na pale ambapo hakuna mtandao?"

Mgeni alitabasamu. Alisema siku hizi mtandao uko kila mahali. Sisi mafundi tulitazamana.

Moja ya friji hizo ilipelekwa kwenye kituo cha afya katika vilima nyuma ya Mongbwalu. Jina la kituo ninalibakiza kwangu. Muuguzi mkuu pale anaitwa Mama Neema, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ambaye aliwahi kutembea na kisanduku cha chanjo kichwani akavuka maji yaliyomfikia kifuani. Pale kituoni simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Inashika juu ya kilima kilicho nyuma, baada ya mwendo wa kupanda unaomtoa mtu jasho hata wakati wa ubaridi wa asubuhi.

Mwezi wa kwanza boksi likajifunga, kama lilivyoahidi. Mama Neema hakuandika barua kwa mtu. Alilifungua kutoka ukutani, akaazima betri ya pikipiki ili lipate nguvu, akamtuma katekista wa kijiji na vijana wake kulipandisha kilimani. Huko juu lilikaa kidogo, likanong'ona na ng'ambo, taa ikawa kijani. Wakalishusha, wakalifunga ukutani, friji ikanguruma.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila mwezi, kabla siku zake hazijaisha, boksi lilipandishwa kilimani "kusalimia". Neno hilo ni lao. Nilipofika mara ya kwanza kukagua, nilikuta msafara: katekista mbele na boksi limefungwa kitenge, kijana nyuma na betri, na nyuma yao watu waliokuwa na shughuli zao za simu, kwa kuwa betri ya boksi iliweza pia kuchaji simu zao. Juu kilimani akina mama walikuwa wamepanga mandazi na karanga. Katekista aliniambia kwa uso mkavu kabisa:

"Papa Ukumu, sanamu ya Bikira tunaibebaka mara moja ku mwaka. Iyi boksi iko na heshima kuliko ye."

Nikaandika katika ripoti yangu kwamba kituo kinabeba boksi mlimani kila mwezi na kwamba boksi linapaswa kuondolewa. Jibu lilikuja kwa heshima nyingi. Walishukuru kituo kwa ubunifu wake. Waliomba picha.

Watu wakizoea upuuzi kwa uhodari, wenye upuuzi wanadhani umekuwa mfumo. Andikeni hilo mahali, ninyi mafundi mnaonifuata.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe, ambayo ndiyo sababu Dorcas alinisukuma kuandika. Dorcas ndiye aliyechukua kiti changu boharini. Wakati huo alikuwa na miaka michache kazini, mwenye mikono tulivu na simu isiyotulia. Alikuwa katika kundi la mafundi wa friji za chanjo wa nchi nyingi, na mimi nilimtania kwa hilo, maana kila nilipochungulia niliona maua, jua likichomoza na salamu za asubuhi njema katika lugha nisizozijua.

Surua ilikuwa imeingia katika kambi za wachimbaji huko juu. Mtoto anapoumwa surua katika kambi, ambapo watu wanalala kumi chini ya turubai moja, huhesabu mtoto mmoja. Chanjo ilipelekwa haraka katika kituo cha Mama Neema, kisanduku kimejaa, na tangazo likapita makanisani, msikitini na kwenye mashimo ya dhahabu: akina mama waje siku ya Alhamisi na watoto wao. Katikati ya maandalizi hayo siku ya boksi ikafika. Likapandishwa kilimani kama kawaida. Likasalimia. Hakuna aliyeitikia.

Walilikalisha pale siku nzima. Taa ikabaki nyekundu. Walilishusha, friji ikawa kabati.

Mama Neema alipanda tena kilimani mwenyewe kunipigia.

"Papa Ukumu, boksi imekataa. Na chanjo tayari ilifika."

"Barafu bado iko?"

"Ile ya ukuta inaanza kulegea. Miye nimetoa chanjo, nimeweka mu kisanduku na pakiti za barafu. Hizo pakiti nazo haziko na maisha mingi. Uje leo."

Barabara ya kwenda huko nyote mnaijua, au mtaijua. Mwendesha pikipiki na mimi tulisukuma pikipiki mahali pengi kuliko tulivyoipanda. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimepiga namba iliyobandikwa juu ya boksi, niliyoinakili zamani. Mwanamke wa mashine alinikaribisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa, akanipa machaguo. Nilibonyeza. Akanishukuru kwa uvumilivu wangu, jambo ambalo hakuwa na namna ya kulijua. Tuliandika ujumbe kwenye anwani ya mradi. Jibu likarudi kwamba ombi letu limepokelewa na lina thamani kwao. Tulipiga Kinshasa. Huko kijana mmoja mwenye adabu alituambia ukweli: mradi ulikuwa umefungwa, na kampuni iliyotengeneza boksi ilikuwa imenunuliwa na kampuni nyingine, ambayo haikuyatambua maboksi ya zamani. Kule boksi letu lilikopiga hodi, nyumba ilikuwa tupu.

Nilipofika, Mama Neema hakunisalimia. Alinionyesha chupa ya chanjo. Kwenye kibandiko cha kila chupa kuna duara, na ndani yake mraba mweupe. Joto likiingia, mraba unageuka rangi polepole. Ukifikia weusi wa duara, chanjo hiyo ni ya kutupwa, hata kama mtoto amesimama mbele yako. Hiyo nayo imebuniwa mbali, haina kadi wala mtandao, na haijawahi kunidanganya. Mraba ule haukuwa mweupe tena. Ulikuwa na rangi ya chai yenye maziwa.

"Mama wa ku kambi watafika kesho kutwa," alisema. "Bengine tayari wako ku njia. Nikiwarudisha, hawatakuja tena. Na surua haitangoja."

Mimi nilikuwa na wazo langu tangu njiani: kulitoa boksi kabisa na kuunga paneli moja kwa moja na friji. Nilikuwa nimeshatoa koleo. Lakini nilitaka kwanza kumwambia Dorcas, ili mtu mwingine ajue nilichofanya kama kingeharibika, na kumwambia kulitaka kupanda kilima. Nikachukua boksi, betri na koleo, ili nimweleze nikiliona, katekista akashika mwavuli, tukapanda. Akina mama wa mandazi walikuwapo, maana kuona boksi linapanda kwao ni kama kusikia kengele ya soko.

"Usiunge," Dorcas alisema mara nilipomweleza mpango wangu. "Papa, ngoja. Niliuliza mu kundi tangu asubuhi. Kuko mutu alitumaka video. Usiunge kwanza."

Video ikaja vipande vipande, kama maji ya bomba la Bunia. Ilionyesha mikono miwili tu, ya mwanamume, myeusi kwa kazi, kidole gumba kimoja hakina ukucha. Mbele yake boksi kama letu, hata mkwaruzo wa kiwandani uko mahali palepale. Alikuwa akisema lugha niliyokuwa sijawahi kuisikia, na nyuma yake jogoo alikuwa anawika. Dorcas aliniambia baadaye ni mtu wa milimani huko Nepali. Naye alikuwa na vijana wa kupandisha boksi kilimani.

Kwanza mikono ile ilileta kadi ya umeme kutoka ndani ya friji, imeungua, nyeusi kama mkaa. Ikaonyesha paneli, ikaonyesha friji, ikaunganisha vidole viwili: moja kwa moja. Kisha ikaonyesha tena ile kadi iliyoungua. Kisha kidole kisicho na ukucha kikatikisika mbele ya kamera, hapana. Niliweka koleo chini. Yule mtu alikuwa amefanya tayari kosa nililokuwa nimelipandia mlima.

Halafu akafungua boksi lake, na mimi nikafungua langu. Alinyooshea kidole sehemu nene ambapo umeme unapita na kupunguzwa, akaipigapiga kwa upole: iacheni. Akaenda kwenye kona, penye waya mwembamba wa rangi ya machungwa unaotoka kwenye kadi ya simu, akauchomoa. Kisha akaunganisha pini mbili ndogo kwa kipande cha waya. Basi.

Nilikuwa nimezungukwa. Mwenye mandazi alikuwa ameinama kuliko mimi.

"Papa, kama inakataa uipige kidogo pa kichwa. Radio yangu njo vile inaitikaka."

"Mama, acha muntu atumike kazi yake," katekista alisema.

"Miye namusaidia. Mutu wa ku simu naye anasema nini?"

"Hatujui luga yake."

"Anasema aipige pa kichwa."

Nikachomoa waya wa machungwa. Nilikata kipande cha waya uliozidi kwenye betri, nikaunganisha pini mbili. Taa nyekundu ikazimika. Kwa kitambo hakukuwa na taa yoyote, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Mama Neema. Kisha ya kijani ikawaka.

Watu walipiga makofi. Mwenye mandazi alinipa moja bila kulipa, na nilitambua kwamba alikuwa amenipa lililovunjika. Nilimwambia Dorcas amshukuru yule mtu. Akamtumia picha ya maua. Tangu siku hiyo sijasema neno juu ya maua.

Tulishuka mbio. Jua lilikuwa bado kali, friji ikanguruma, na kufikia jioni ukuta ulikuwa umeanza kushika ubaridi. Mama Neema alikagua chupa moja moja, akatenga chache ambazo mraba wake ulikuwa umezidi, akazitupa bila kuniangalia. Zilizobaki zilitosha. Alhamisi akina mama walipanga mstari mpaka barabarani, na mimi nilikaa nyuma ya kituo karibu na friji kama mlinzi wa mgonjwa.

Mngefikiri kesi imekwisha. Mimi pia nilifikiri hivyo, na nilirudi Bunia nikilala kwenye pikipiki.

Boksi sasa lilifanya kazi, lakini lilikuwa limenyamaza. Wale waliorithi ramani ya friji waliangalia kitone cha kituo chetu, wakakiona cheusi. Kulingana na kompyuta, friji ilikufa wiki ileile ya surua. Na kanuni inasema kituo kisicho na friji hakipewi chanjo ya akiba. Miezi michache baadaye Mama Neema alishuka Bunia na kisanduku chake kama kawaida. Mtunza bohari, kijana mwema ambaye hana mamlaka juu ya kompyuta kuliko mimi, alimwambia:

"Mama, hapa inaonyesha frigo yako ilikufa."

"Ilikufa? Na matanga walifanyia wapi? Siye hatukuitwa."

"Mama, miye naona tu kitu yenye inaandikwa."

"Na miye naona kitu yenye niko nafungua kila asubuhi."

Niliandika maelezo. Niliandika tena. Mwishowe akaja mgeni kutoka Dakar, anaitwa Idrissa, na nilimpeleka mwenyewe. Alikuwa mtu wa haki, alisukuma pikipiki bila kuombwa. Kituoni Mama Neema alimfungulia friji. Idrissa aliingiza mkono wake wa kulia katikati ya chupa, na katika mkono wa kushoto alikuwa ameshika simu yake yenye ramani. Alikaa hivyo muda, akiangalia mkono mmoja, kisha mwingine.

"Ni baridi," alisema kwa Kifaransa.

"Iko baridi," Mama Neema alimjibu kwa Kiswahili.

Idrissa alipanda kilimani, akajaribu kusahihisha ramani huko huko, amekaa juu ya jiwe na mwenye mandazi akimwelekeza. Kompyuta ilimpa nafasi mbili tu: friji inayofanya kazi na kuwasiliana, au friji iliyokufa. Friji inayofanya kazi na kunyamaza haikuwemo. Aliniambia kwamba kijijini kwa mama yake kuna pampu ya maji ya namna hiyo, inaleta maji na kwenye ramani haipo. Alisema hivyo kwa hasira ya chini ya mtu aliyechoka, na nikampenda. Lakini alipoondoka, kitone kilikuwa bado cheusi.

Kwa hiyo tukafanya kama tunavyofanya. Chanjo ya Mama Neema ikawa inatolewa kwa jina la kituo jirani, kisha inavuka bonde kwenda kwake. Kwenye kompyuta kituo jirani kinachanja watoto wengi kuliko kilicho nao, na muuguzi wake amepewa cheti cha kazi nzuri. Amekining'iniza, ana haya, na kila mvua inapokata njia ya bonde anamtumia Mama Neema salamu za pole badala ya chanjo.

Nimetaja mvua kwa sababu hiyo ndiyo hasara, na si ramani. Mvua ikikata bonde, friji ya Mama Neema inakaa na baridi yake na nafasi tupu, na mama aliyetembea na mtoto mgongoni anarudishwa nyumbani.

Wiki zangu za mwisho kazini ndipo likaja agizo: friji zote zilizokufa ziondolewe vituoni, zikusanywe Bunia, zirudishwe ng'ambo zikavunjwevunjwe kwa usafi wa mazingira. Ya Mama Neema ilikuwa ya kwanza. Niliahirisha mara ya kwanza kwa sababu ya barabara, mara ya pili kwa sababu ya mgongo wangu, na mgongo ulikuwa mzima. Halafu nikastaafu, na agizo likamwangukia Dorcas. Aliambiwa wazi kwamba asipoileta ataandika maelezo ya kwa nini, na kwamba mkataba wake unafika mwisho mwaka huu.

Alikuja kwangu mtaa wa Ngezi kabla ya kwenda. Nilimweleza njia, mahali pa kusukuma, mahali pa kulala mvua ikija. Sikumwambia afanye nini. Nilimwambia jambo moja tu la ufundi, ambalo ninawaambia na ninyi nyote: kabla hujaondoa friji iliyokufa, fungua mlango, tia mkono, uuache humo mpaka vidole viume.

Alirudi wiki iliyopita, matope mpaka magotini, akapita kwangu kabla ya kwenda ofisini. Pikipiki ilikuwa na turubai na kamba za kufungia friji. Kamba zilikuwa bado zimeviringwa kama zilivyotoka dukani.

"Ulitia mukono?" nilimuuliza.

"Nilitia."

"Na?"

"Papa, ilikuwa na chanjo ya batoto ndani. Ningeibeba namna gani?"

Kisha akaomba maji ya kunawa, kwa sababu alikuwa anakwenda kuwaandikia maelezo hivyo hivyo.